Prado ya Mwalimu, Passo ya Mama: kisa cha familia ya Mbeya na bei ya mafuta, 2022 hadi 2024

Nilivyoingia kwenye kisa hiki

Mimi ni afisa mikopo wa chama cha akiba na mikopo hapa Mbeya. Wenye kisa ni wanachama wetu wawili, mke na mume. Wamekubali niandike mradi majina yao, mtaa, shule na kijiji lilipo shamba visitajwe, kwa hiyo hapa nitawaita Mwalimu na Mama. Bei za magari na za kukodi nimezitaja kwa makadirio. Kilomita na lita zimetoka kwenye daftari lao. Ninaandika kwa sababu ushauri wa kubadilisha gari uliowatia hasara mwanzoni ulitoka kwenye meza yangu.

Hali ilivyokuwa

Mwalimu anafundisha sekondari. Mama ana duka la pembejeo na chakula cha mifugo upande wa Mwanjelwa. Wanaishi ng'ambo ya Uyole, na wana shamba la viazi mviringo juu kule Uporoto, barabara ikiwa lami kwa sehemu kubwa na kilomita 14 za mwisho udongo mtupu. Mtoto mmoja yuko shule ya msingi, njia ileile ya dukani.

Gari lilikuwa Prado ya dizeli ya lita tatu, ile ya mwishoni mwa miaka ya tisini, waliyoinunua 2015. Kwa siku sita za wiki ilikwenda mjini na kurudi, kilomita 24 kwa siku. Siku ya saba, baada ya ibada, ilipanda shambani: kilomita 80 kwenda na kurudi. Kwa mwezi ni kilomita 944 hivi. Na kila palipotokea msiba, Prado ndiyo iliyobeba wazee, masufuria na magunia ya mchele. Hilo la misiba sikuliandika popote wakati ule. Fomu yetu haikuwa na nafasi yake.

Agosti 2022

EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ile ya tarehe 3 Agosti 2022 wengi wetu tunaikumbuka: Dar es Salaam petroli ilifika shilingi 3,410 kwa lita na dizeli 3,322, ingawa tangu Juni Serikali ilikuwa imeweka ruzuku ya shilingi bilioni 100. Vita ya Ukraine ilikuwa imeanza Februari. Mbeya huwa tunaongeza shilingi mia na kitu juu ya bei ya Dar, maana lori linatembea zaidi ya kilomita 800 kabla ya kufika Uyole. Siku tano baadaye, Nane Nane, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea papa hapa, uwanja wa John Mwakangale. Mama aliniambia wiki ile alicheka na kulia: mbolea ya DAP imeshuka, nauli ya kuipandisha shambani imepanda.

Lakini Mwalimu hakugundua tatizo kwa kusikiliza taarifa ya habari. Alidhani gari limeharibika. Kama wengi wetu, hakuwa ananunua lita, alikuwa ananunua pesa. Anafika sheli, anashusha kioo, anasema "weka ya thelathini." Mwanzoni mwa mwaka, dizeli ikiwa chini kidogo ya 2,500, ya thelathini ilikuwa lita 12 na pointi, ikampeleka karibu siku nne. Agosti, ya thelathini ilikuwa lita 8 na pointi, na taa ya mafuta inawaka siku ya tatu haijaisha. Akampelekea fundi. Fundi naye hakumkatalia mteja: akafungua nozeli, akazisafisha, akabadilisha filta, akachukua 150,000. Taa ikaendelea kuwaka siku ya tatu.

Nimekaa na tukio hili muda mrefu. Mtu mwenye shahada ya hisabati, anayefundisha uwiano kidato cha kwanza, alilipa laki na nusu kutengeneza bei.

Ombi la kwanza, na kwa nini nililikataa

Septemba walikuja ofisini pamoja. Walitaka mkopo wa milioni 9 wanunue gari dogo la mjini, Prado ibaki ya shamba. Mwalimu hakuwa na raha na wazo hilo.

"Afisa, mimi nikipita na kigari kile, wanafunzi wataniamkia kweli?"

Mama hakumtazama. "Baba nanihii, shikamoo haijazi tanki."

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Ili kupanda na kushuka kwa bei kusivuruge ulinganisho, nilitumia shilingi 3,300 kwa lita, petroli na dizeli sawa, na katika andiko hili lote nimebaki na bei hiyo. Prado mjini ilikuwa inakwenda kilomita 7.5 kwa lita: safari fupi, foleni ya Mafiati, na asubuhi za Juni na Julai dakika kumi za kupasha injini kabla haijatoka getini. Shambani kilomita 8. Jumla lita 123 kwa mwezi, yaani kama 406,000.

Gari dogo lingewapunguzia safari za mjini tu, lita 38 hivi, shilingi 127,000. Mkopo wa milioni 9 kwa miezi 24, riba ya asilimia 1.5 ya salio kwa mwezi, ungeanza na marejesho ya 510,000. Ulipe laki tano uokoe laki moja na ushee? Nikakataa. Hapo sijutii.

Kinachonisumbua ni nilichosema baada ya kukataa. Niliwaambia: uzeni Prado, nunueni dogo kwa fedha taslimu, inayobaki iingie dukani. Nikachukua kalamu, nikaweka kilomita 15 kwa lita kwa safari zote, mjini na shambani. Ikatoka lita 63, shilingi 208,000. "Mtaokoa karibu laki mbili kila mwezi," nikawaambia. Ile 15 niliitoa kichwani. Ilikuwa ndiyo namba ambayo kila mwenye gari dogo mjini anaitaja akisema gari lake "linanusa tu mafuta."

Kuuza na kununua

Januari 2022 jamaa mmoja aliwahi kumfuata Mwalimu na milioni 24 za Prado ile, akamkatalia. Oktoba, kila mtu mwenye gari kubwa la zamani alikuwa anauza. Madalali walikuwa wakizunguka gari, wanapiga teke tairi, wanauliza, "dizeli hii?" kama wanaouliza ugonjwa. Iliondoka kwa milioni 19.

Upande wa pili wa soko, wote waliouza makubwa walikuwa wanatafuta madogo. Passo ya cc 1,000, iliyokwishasajiliwa nchini, ambayo mwanzoni mwa mwaka ilikuwa inazungukia milioni 8 na nusu, waliipata kwa 9.8. Kuagiza Japani waliangalia wakaacha. Injini isiyozidi cc 1,000 inasamehewa ushuru wa bidhaa unaokwenda kwa ukubwa wa injini, lakini gari lenye zaidi ya miaka minane linapigwa ushuru wa uchakavu, na fedha waliyokuwa nayo ingewatosha kwa magari ya umri huo tu.

Baada ya yote milioni 9.2 ziliingia dukani. Kumbukeni kiasi hicho.

Passo mjini, Passo mlimani

Mjini mambo yalikwenda vizuri. Kilomita 14 kwa lita, lita 45 kwa mwezi badala ya 83. Mama alijifunza kuendesha, jambo ambalo Prado ilimtisha. Wanafunzi waliendelea kumwamkia Mwalimu.

Mlimani ilikuwa habari nyingine. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia ya Uporoto inavuka mita 2,000. Hewa huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Passo ile inatoka kiwandani na nguvu za farasi 71. Kule juu karibu moja ya tano yake imebaki njiani. Prado ilikuwa na tabo, ndiyo maana Mwalimu hakuwahi kulijua jambo hili.

Februari 2023 nilipanda nao siku moja. Kurudi, walilaza viti vya nyuma wakaingiza gunia moja la viazi, lumbesa, la kuvuka kilo mia. Vijana wawili walilisukuma, wa tatu akalivuta kwa mlango wa pembeni, na nyuma ya gari ikakaa chini kama kuku anayeatamia. Mama alikaa mbele na debe la njegere mapajani. Mimi nilibaki kutafuta bodaboda, hapakuwa na nafasi. Pale penye kimwinuko baada ya daraja niliwakuta wamesimama, boneti wazi, Mwalimu anapunga leso juu ya rejeta. Kwa mzigo wa aina hiyo gari lilikuwa linakwenda kilomita 10 kwa lita. Injini ndogo inayolazimishwa kupiga kelele muda wote haina unafuu uliousikia mjini.

Aprili, masika imechanganya, tumbo la gari lilikuta jiwe katikati ya makorongo ya magurudumu ya malori. Sampo, bakuli la oili chini ya injini, ikapasuka, oili ikamwagika. Kulivuta hadi lami, sampo nyingine na oili, 280,000. Tangu hapo Passo ilipanda mara moja kwa mwezi, safari tatu zikawa za kukodi Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa 60,000 kila moja.

Hesabu ya Mei 2023, kutoka kwenye daftari: Passo lita 53, sawa na 175,000. Kirikuu mara tatu, 180,000. Jumla 355,000. Prado ingekula 406,000. Laki mbili nilizoahidi zilikuwa zimebaki 51,000. Mwezi huohuo shangazi yake Mama alifariki upande wa Tukuyu, wakakodi Noah ya kubeba wazee kwa 120,000. Basi.

Daftari

Daftari lilianza siku ya sampo, kwa hasira. Ni la kurasa 48, linakaa kwenye mfuko wa mlango. Mama ndiye aliyeweka sharti: sheli tunasema lita, hatusemi pesa, na kila safari inaandikwa ilichobeba. Safu ya "mzigo" ndiyo iliyotoa siri. Ukiisoma, unaona walikuwa na kazi mbili tofauti kabisa zinazofanywa na gari moja: kupeleka watu watatu mjini siku 26, na kushusha mzigo siku nne. Kuna mahali Mwalimu ameandika tu: "Mama, mbolea mifuko 3, maneno mengi."

Agosti 2023 na gari la tatu

Bei zilikuwa zimepoa, kisha Jumatano ya tarehe 2 Agosti 2023 petroli Dar ikaruka kutoka 2,736 hadi 3,199 kwa mwezi mmoja. Tozo ya shilingi 100 kwa lita ya bajeti ya mwaka ule nayo ilikuwa imeanza. Safari hii Mwalimu hakukimbilia kwa fundi wala kwa dalali. Walisubiri. Oktoba dizeli ilifika 3,448 Dar, juu ya petroli iliyokuwa 3,281, na ule msemo wa miaka yote kwamba dizeli ni nafuu ukanyamaza vijiweni. Novemba walitoa Passo kwa thamani ya milioni 8, wakaongeza 5, wakachukua Probox ya cc 1,500.

Kwa nini Probox? Kwa sababu safu ya "mzigo" ilisema hivyo. Japani lilitengenezwa kama gari la kazi, nyuma ni sanduku lililonyooka, na fundi yeyote wa Mbeya ana vipuri vyake maana nusu ya michomoko ya mkoa, yaani teksi za abiria wa kuchangia, ni hiyo. Si gari la fahari. Mwalimu hulipaki nyuma ya ofisi ya walimu.

Matokeo

Mjini kilomita 12 kwa lita, shambani na mzigo 10. Mwezi wa kiangazi ambao safari zote ni zao: lita 84, shilingi 277,000. Mwezi wa matope, safari moja ikiwa ya Kirikuu: kama 311,000. Ikilinganishwa na Prado kwa bei ileile, wanaokoa kati ya 95,000 na 129,000 kwa mwezi. Misiba bado wanakodi. Mara mbili wamekodi Prado ileile kwa aliyeinunua, elfu 80 kwa siku na mafuta juu yao, na Mama anasema bado ina harufu ya duka lake.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Ukiniuliza kama walifaidika, nitasema ndiyo, ila si kwa sababu niliyowapa. Kilichowainua ni zile milioni 9.2. Zilinunua mzigo wa mbolea na pumba msimu ambao ruzuku ilileta wateja wengi, na duka limeongeza chumba cha pili. Prado ilikuwa mtaji uliolala getini. Hilo lingekuwa kweli hata mafuta yangekuwa 2,000, ila bei ya mafuta ndiyo iliyowafanya walione.

La pili ni kununua kwa lita. Nimeanza kuwaambia wanachama wengine, na wengi wananitazama kama naleta usomi sheli.

Kilichoshindwa

Walichopoteza kwa kuuza wakati wa hofu ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Tofauti ya milioni 24 na 19 ni milioni 5. Kwa kuokoa wastani wa 110,000 kwa mwezi, inachukua miezi 45 kuirudisha, na hapo sijahesabu milioni 1.8 iliyopotea kwenye Passo. Mafuta yakipanda, gari kubwa linashuka bei na dogo linapanda siku hiyohiyo. Anayebadilisha wiki ya tangazo analipa pande zote mbili. Walipongoja kati ya Agosti na Novemba 2023 walishajua hili kwa mfuko wao.

Kosa langu lilikuwa kupima gari badala ya kupima safari. Nilichukua namba ya gari tupu kwenye lami tambarare nikaipeleka Uporoto na lumbesa ndani. Na sikuuliza kuhusu misiba, mimi mtu wa hapahapa ambaye nimepanda Prado ile kwenda kuzika.

Kuna njia moja hatukuigusa kabisa. Nauli ya daladala ya wakati ule ilikuwa 500 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi. Watu wazima wawili kwenda na kurudi siku 26 ni 52,000, mtoto kama 9,000. Jumla 61,000 dhidi ya 274,000 za Prado mjini. Kuliacha gari kubwa nyumbani siku za kazi kungeokoa zaidi ya laki mbili bila kuuza kitu wala kukopa. Nilipomwonyesha Mama mwaka huu, alinijibu kwamba anafunga duka saa mbili usiku na fedha za siku nzima ziko kwenye mkoba, nami nikitaka nipande naye kila siku. Ni jibu la haki. Lakini asubuhi je? Na Mwalimu, ambaye hana mkoba? Hatukuuliza kwa sababu sote watatu, tukikaa pale, tulichukulia kwamba jibu la swali la gari ni gari jingine.

Jambo jingine dogo. Wengi bado wanadhani mwenye gari kubwa na mwenye dogo wanalipia barabara sawa. Zamani leseni ya gari ya mwaka ilikwenda kwa ukubwa wa injini, ikafutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita. Tangu hapo unalipa kadiri unavyochoma. Prado ikisimama getini hailipi kitu, Passo inayohangaika mlimani inalipa. Kwa familia hii, hoja hiyo ilikuwa upande wa kuiacha Prado ipumzike, si kuiuza.

Lililoko mezani sasa

Shokapu za nyuma za Probox zimekwisha mara mbili, na bushi fundi anasema zimechoka. Mwalimu anadai lumbesa ndiyo inayoua gari, Mama anadai ni dereva. Mwezi uliopita Mama alikuja peke yake na fomu ya mkopo wa Kirikuu, ya kwake na ya kukodisha kwa majirani wa shamba, Probox ibaki ya mjini. Yaani ni ombi lile la Septemba 2022, limegeuzwa upande.

Safari hii nilimwomba daftari kwanza. Aliliweka mezani, jalada limeloa oili pembeni, akafungua safu ya mzigo, akaniambia, "Hesabu wewe, usiniambie kumi na tano." Niko kwenye Machi. Fomu sijaisaini.